Mtoto wa vita nyumbani mwetu: mama asibaki peke yake

Katika mitaa yetu ni vigumu kupata avenue isiyo na mtoto aliyepokelewa. Vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, kuna watoto waliopotezana na wazazi njiani, na kuna walioona wazazi wakifa. Mbele yao walikuwa wamekuja wale wa Masisi na Rutshuru, na wale waliotengana na familia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka. Wengi wao hawakuingia katika nyumba za yatima. Waliingia kwetu: kwa shangazi, kwa jirani, kwa mama wa kanisa moja.

Kumpa mtoto sahani na mkeka, tunajua. Kinachotushinda ni kile kinachokuja nyuma. Miezi inapita, mtoto anakula, anavaa, anaenda masomoni, lakini roho yake iko mbali. Juma hili tunaongea juu ya mtoto huyo, na zaidi juu ya mama anayemlea.

Yale tunayoyasikia

Katika mikutano yetu malalamiko yanafanana. Mtoto anaficha bugali chini ya godoro mpaka unaota ukungu, na chungu kimejaa. Mwingine halali ila karibu na mlango, viatu miguuni. Mwingine ukimkumbatia anakauka kama ubao, lakini mgeni yeyote akipita anamfuata bila kuuliza. Kuna anayeiba franka mia tano na kukana hata akiwa amezishika. Kuna wa miaka tisa anayekojoa kitandani kila usiku.

Mama anachoka, anasema: «Mtoto huyu hana shukrani.» Jirani anaongeza: «Ana roho mbaya.» Hatari inaanzia hapo, kwa sababu neno la tatu linalofuata ni ulozi.

Neno hilo tulikatae. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mlozi, na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo kwa kifungo. Hakuna mchungaji wala nabii mwenye ruhusa ya kumlaza mtoto na njaa eti anamwombea.

Ni woga, si ubaya

Mtoto anajifunza kumtegemea mtu kwa jambo dogo linalorudi mara elfu: analia, mama anakuja, ana njaa, anapewa, anaanguka, anainuliwa. Mganga Mwingereza John Bowlby alichunguza hali ya watoto waliobaki bila familia baada ya vita vya Ulaya, na mwaka 1951 akaliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba mtoto anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama yake, au na mtu anayeshika nafasi ya mama. Sisi tunaopokea watoto ndio hao wanaoshika nafasi.

Mtoto wetu aliona kamba hiyo ikikatika. Anaficha chakula kwa sababu njaa ilimfundisha. Analala mlangoni kwa sababu siku moja mlango ndio ulimponya. Anakataa kukumbatiwa kwa sababu wale waliomkumbatia zamani hawakurudi. Kumwambia «hapa uko salama» hakutoshi. Ataamini kwa kuona, na kuona huko kunaweza kuchukua miaka.

Kwa hiyo yanayosaidia ni mambo madogo yasiyobadilika. Chakula kiwe saa ileile, na kuwe na ndizi au kipande cha muhogo anachojua ni chake hata usiku. Ukitoka, mwambie unaenda wapi na utarudi saa ngapi, kisha urudi saa hiyo. Kitanda kikilowa, fueni kimyakimya, wengine wasimcheke. Akiiba, arudishe na apewe kazi ndogo ya kulipa, lakini neno «nitakurudisha ulikotoka» lisitoke kinywani mwako kamwe. Usimlazimishe kukumbatiwa: msuke nywele, chambueni maharagwe pamoja, mpaka yeye mwenyewe asogee.

Mama naye anahitaji mkono

Haya yote ni kazi nzito. Mama anayempa mtoto mapendo kila siku na kurudishiwa mgongo anafikia kujichukia. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na kwa mtoto aliyejeruhiwa rohoni neno hilo ni kweli mara mbili. Tunaomba kila kikundi kifanye haya:

Mama huyo apewe mwenzake mmoja, si kumi. Mtoto amzoee huyo mmoja, ili mama apate nusu siku ya kupumzika au kwenda sokoni bila mtoto kuona kwamba ametupwa tena.

Siku ya likelemba, kasha la mshikamano limkumbuke. Daftari na sabuni ya kufulia kila asubuhi ni mzigo kwa nyumba iliyoongeza mdomo.

Wawili waende pamoja kumwona mwalimu, wamweleze bila kutoboa siri zote za mtoto kwamba makelele na fimbo vinamrudisha vitani.

Na ndimi zetu zikae. Hadithi ya mtoto huyo ni mali yake. Mama akilia kwenye kikundi, machozi yake yasifike kwenye bomba la maji kabla yake.

Milango ya kugonga

Kituo cha afya cha mtaa ndicho mlango wa kwanza. Omba kuonana na APS, yule anayesikiliza mambo ya roho, au uulize yuko kituo gani. Nenda upesi kama mtoto anajiumiza, anasema anataka kufa, hasemi kabisa, au kama kuna dalili kwamba alifanyiwa ubaya wa mwili. Kwa hilo la mwisho, Bukavu tuna hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999 na munganga Denis Mukwege, ambako mwili na roho vinatunzwa pamoja.

Kama wazazi wanaweza kuwa hai, Msalaba Mwekundu unawatafuta bila malipo. Usiogope kwamba utanyang'anywa mtoto. Kujua ukweli kunampumzisha, hata ukiwa mchungu. Mjulishe pia chef wa avenue na ofisi ya Mambo ya Jamii kwamba mtoto yuko kwako. Na kama unataka awe wako kwa sheria, hilo linaamuliwa na Mahakama ya Watoto. Karatasi ya kuandikiana na jirani haitoshi.

Katika mkutano unaokuja, kabla ya kuhesabu pesa, kila kikundi kiulize: nani kati yetu analea mtoto wa namna hii, na nani atampokea siku gani ili mama yake apumzike? Majina mawili na siku moja viandikwe kwenye daftari, na siku hiyo ikifika, tuwe mlangoni kwake.