Kahawa na Vikao Vyake: Funzo Kutoka Makka
Mwaka 917 Hijria (1511), Makka ikiwa chini ya Mamluki wa Misri, Khair Bey, msimamizi wa soko na maadili, aliwakuta watu usiku wakinywa kahawa karibu na Msikiti Mtukufu. Akawakusanya maulamaa na matabibu. Kahawa ikapigwa marufuku, buni zikachomwa hadharani. Lakini amri ya Sultani Qansuh al-Ghawri kutoka Cairo ilikataza vikao viovu, si kinywaji chenyewe. Kanuni ya kifiqhi ni kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuharamisha. Basi tuangalie barazani panasemwa nini. Watu wakisengenywa, au jamaa ikitupita tumekaa, kosa si la kahawa, ni letu. Wallahu aalam.