Joto Kazini: Haki na Kinga ya Mfanyakazi
Kwa mujibu wa Uamuzi wa Waziri Na. 17 wa mwaka 2021, kazi za nje nchini Qatar husimama kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Huku West Bay, unyevu wa bahari huzuia jasho kukauka, na mwili hushindwa kujipoza hata kivulini. Kwa hiyo kazi husitishwa saa yoyote ambapo kipimo cha pamoja cha joto, unyevu, jua na upepo kinazidi nyuzi 32.1.

Mfanyakazi anayeona joto linahatarisha afya yake ana haki ya kuacha kazi na kumwarifu msimamizi. Mwenzake akipayuka au akizimia, simu ipigwe 999 mara moja. Kisha apelekwe kivulini, amwagiwe maji na apepewe. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.