Nguruwe Mwenye Mabaka Mekundu: Usikimbilie Kumchinja

Mfugaji anaamka na kukuta nguruwe wake amelala, hataki kula, mwili una joto na ngozi imekuwa nyekundu. Wengi huamua papo hapo kuwa ni homa ya nguruwe ya Afrika, wakamchinja au kumuuza kwa bei ya kutupa. Huenda wakampoteza mnyama ambaye angepona, au wakasambaza ugonjwa hatari hadi vijiji jirani.

Homa ya nguruwe ya Afrika husababishwa na virusi na haina tiba. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao, erisipela, unaoletwa na bakteria. Nguruwe hupata homa kali, huchechemea, na mara nyingi hutokwa na mabaka mekundu ya pembe nne yaliyoinuka kidogo. Ukigunduliwa mapema, hutibiwa kwa sindano za penisilini. Ukicheleweshwa, nguruwe anaweza kufa ghafla, kutupa mimba au kubaki na viungo vilivyovimba.

Bakteria hao hukaa kooni mwa nguruwe anayeonekana mzima, hutoka kupitia kinyesi na mkojo, na huweza kuishi kwenye samadi na udongo kwa wiki kadhaa. Joto kali, msongamano na kubadilisha chakula ghafla huchochea mlipuko.

Kwa macho pekee ni vigumu kutofautisha magonjwa haya mawili. Kwa hivyo, ukiona dalili:

- Mjulishe afisa wa mifugo wa wadi yako siku hiyo hiyo. Sheria inamtaka mfugaji kuripoti akishuku homa ya nguruwe ya Afrika.
- Mtenge mgonjwa, na usiingize wala kuondoa nguruwe bandani.
- Usichinje, usiuze na usigawe nyama. Mzoga uzikwe kwa maelekezo ya afisa.
- Vaa glavu na viatu vya mpira. Erisipela humwambukiza binadamu kupitia michubuko ya mikono.
- Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Aliyetibiwa asichinjwe kabla ya muda uliotajwa na daktari wa mifugo kwisha.

Banda likisafishwa kila siku, na nguruwe wapya wakitengwa kwa wiki tatu hadi nne, hatari hupungua. Erisipela pia ina chanjo. Muulize daktari wa mifugo kama inapatikana na inafaa kwa nguruwe wako.