Kigeuzi sauti cha nje

Kigeuzi sauti cha nje ni kifaa kidogo cha kielektroniki kinachochomekwa kwenye simu janja, kishikwambi au kompyuta ili kubadilisha sauti iliyohifadhiwa kwa tarakimu kuwa mawimbi ya umeme yanayoweza kuendesha hedifoni, spika au amplifaya. Kila simu inayopiga muziki ina kigeuzi cha namna hiyo ndani yake. Kile cha nje huchukua nafasi ya cha ndani, ama kwa sababu simu haina tena tundu la hedifoni, ama kwa sababu mtumiaji anataka sauti safi zaidi au yenye nguvu zaidi.

Jijini Dar es Salaam vifaa hivi hutafutwa hasa Kariakoo, katika maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Mtaa wa Msimbazi na mitaa mingine ya karibu. Huko huuzwa kwa jina la jumla la "adapta", na jina hilo ndilo chanzo cha hasara nyingi. Katika fungu moja la adapta zinazofanana kwa rangi na umbo, baadhi zina kigeuzi ndani na nyingine ni waya mtupu.

Jinsi kinavyofanya kazi

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Inaporekodiwa kidijitali, ukubwa wa mtikisiko huo hupimwa mara nyingi sana kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kama tarakimu. Santuri ya CD, iliyoletwa sokoni na kampuni za Sony na Philips mwaka 1982, hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani kinaweza kuwa ngazi yoyote kati ya 65,536.

Ili wimbi lolote litambulike huhitaji zaidi ya vipimo viwili, kwa hiyo CD inaweza kubeba sauti zinazokaribia Hz 22,050. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi takriban Hz 20,000, na uwezo huo hupungua kadiri umri unavyoongezeka. Maandishi makubwa kwenye maboksi yanayotangaza 192,000 au 384,000 yanaeleza uwezo wa kifaa kupokea faili za aina hiyo. Hayaelezi sauti ambayo mwanadamu atasikia.

Kigeuzi hufanya kinyume cha kurekodi. Husoma tarakimu kwa mwendo wa saa isiyoyumba, hutoa kiasi cha umeme kinacholingana na kila moja, kisha kichujio hulainisha ngazi hizo ziwe wimbi moja linaloendelea. Baada ya hapo huja amplifaya ndogo, ambayo nayo imo ndani ya kifaa hichohicho. Wauzaji hupenda kutaja jina la chipu, lakini mara nyingi tofauti inayosikika hutoka kwenye amplifaya hiyo. Adapta ndogo ya USB-C ya Apple, toleo la Marekani, hutoa hadi volti 1. DragonFly Red ya kampuni ya AudioQuest hutoa hadi volti 2.1. Kwa hedifoni ndogo za masikioni zenye ukinzani wa ohm 16 au 32 volti 1 inatosha na kubaki. Kwa hedifoni za studio zenye ohm 250 au 300, sauti itatoka chini, na hapo kigeuzi chenye nguvu zaidi kina kazi ya kufanya.

Chipu zenyewe hutengenezwa na kampuni chache, zikiwemo Cirrus Logic na ESS Technology za Marekani, Realtek ya Taiwan na Asahi Kasei ya Japani. Oktoba 2020 kiwanda cha Asahi Kasei huko Nobeoka kiliungua, na watengenezaji wengi wa vigeuzi duniani walilazimika kubadili miundo yao na kutumia chipu za kampuni nyingine.

Historia fupi

Kwa muda mrefu vigeuzi vya nje vilikuwa vifaa vya mezani vinavyounganishwa na kompyuta au mashine ya CD. Mwaka 2010 Apple ilitoa kiunganishi cha kamera kwa ajili ya iPad, na watumiaji wakagundua kwamba kiunganishi hicho kingeweza pia kupokea kigeuzi sauti cha USB. Mwaka 2012 DragonFly ya kwanza ilionyesha kwamba kigeuzi na amplifaya vinaweza kuingia ndani ya kifaa chenye ukubwa wa fleshi. Mfumo wa Android ulianza kutambua vifaa vya sauti vya USB bila programu ya ziada kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2014.

Mabadiliko makubwa kwa mtu wa kawaida yalikuja mwaka 2016, iPhone 7 ilipotolewa bila tundu la hedifoni. Kampuni nyingine zilifuata taratibu. LG ilikwenda njia ya pili: katika simu ya V20 ya mwaka huohuo iliweka ndani kigeuzi cha ESS cha daraja la juu, lakini kampuni hiyo iliacha biashara ya simu mwaka 2021. Mwaka 2023 iPhone 15 ilipokea tundu la USB-C, na tangu hapo kigeuzi kimoja cha USB-C kimeweza kutumika kwa simu za Apple na za Android pia.

Kwa Tanzania historia hii ina upande wake. Simu nyingi za bei nafuu za Tecno, Infinix na itel zimeendelea kuwa na tundu la hedifoni. Mwenye simu hiyo mara nyingi hana haja ya kununua chochote: vigeuzi vya ndani vya simu za siku hizi ni vizuri kuliko sifa zao, na pesa yake itazaa zaidi akinunua hedifoni bora.

Adapta mbili zinazofanana

Kanuni za USB-C ziliruhusu njia mbili za kupitisha sauti. Katika njia ya kwanza simu hutumia kigeuzi chake cha ndani na kutoa sauti ikiwa tayari mawimbi ya umeme kupitia pini za tundu la chaji. Adapta ya njia hii haina chipu yoyote ya kugeuza. Ni nyaya zinazounganisha pini na tundu la hedifoni. Katika njia ya pili simu hutoa tarakimu tu, na adapta lazima iwe na kigeuzi ndani yake.

Baadhi ya simu, kama Huawei P20 na Xiaomi Mi 6, ziliweza kutumia adapta ya waya mtupu. Nyingine haziwezi kabisa: Google Pixel kuanzia Pixel 2, Samsung Galaxy S20 na zilizofuata, iPhone 15 na iPad zenye USB-C. Ukichomeka adapta ya waya mtupu kwenye simu hizi hakuna kinachotokea, na sauti huendelea kutoka kwenye spika ya simu. Hapo mnunuzi hudhani adapta ni mbovu, muuzaji huichomeka kwenye simu yake na inalia, na ubishi huanza. Wote wawili wanasema kweli.

Njia rahisi ya kujihakikishia ni kujaribu adapta dukani kwa simu ileile itakayotumika, si kwa simu ya muuzaji. Penye kompyuta yenye tundu la USB-C kuna kipimo kingine: adapta yenye kigeuzi itaonekana kwenye orodha ya vifaa vya sauti, ile ya waya mtupu haitaonekana popote. Uzito, rangi na maandishi ya boksi hayathibitishi kitu. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia kwa kutumia namba zake za IMEI. Adapta hazina namba kama hiyo, kwa hiyo mnunuzi hana pa kuhakiki zaidi ya sikio lake na uungwana wa duka.

Hata adapta yenye kigeuzi inaweza kukataa. Simu nyingi za Oppo, Realme na OnePlus huhitaji kwanza kuwashwa sehemu iitwayo OTG katika mipangilio, na baadhi huizima zenyewe baada ya dakika kadhaa bila matumizi. Adapta ya Apple hufanya kazi kwenye simu nyingi za Android lakini kwa sauti ndogo, kwa sababu simu hizo hazipandishi kiwango cha sauti kilichomo ndani ya adapta yenyewe.

Tena, kigeuzi hakina faida yoyote kwa hedifoni zisizo na waya. Hedifoni za Bluetooth hupokea tarakimu kwa redio na zina kigeuzi chao ndani.

Faili huja kwanza

Kigeuzi hakiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea kwenye faili. Jambo hili linawahusu hasa wapenzi wa muziki wa zamani wa Dar es Salaam. Nyimbo nyingi za bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, zilirekodiwa kwa utepe wa sumaku katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Wasikilizaji walizinasa kutoka redioni kwa kaseti, kaseti ikadurufiwa kwa kaseti nyingine, baadaye ikageuzwa kuwa MP3, na MP3 hiyo ikapakiwa mtandaoni na kushushwa tena. Kila hatua hukata kitu: sauti za juu za gitaa la solo na matoazi hufifia, na mlio wa utepe huongezeka. Mtu anayesikiliza nakala ya namna hiyo kwa kigeuzi cha bei kubwa atasikia kasoro zake kwa uwazi zaidi. Nakala iliyotolewa moja kwa moja kwenye utepe wa awali, hata ikisikilizwa kwa simu ya kawaida, itaishinda.

Ubora wa faili una gharama ya bando. Sauti ya CD isiyobanwa hutumia biti 1,411,200 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo wa dakika 5 ni takriban MB 53. Muundo wa FLAC huubana bila kupoteza chochote na mara nyingi huushusha hadi MB 30 hivi. MP3 ya kilobiti 128 huufanya uwe chini ya MB 5, lakini kwa kutupa sehemu ya sauti. MP3 ya kilobiti 320, yaani MB 12, ni maafikiano mazuri. Watu wachache huweza kuitofautisha na CD wakifumbwa macho.

Kuna jambo moja zaidi kwa watumiaji wa Android. Mfumo huo kwa kawaida huchanganya sauti za programu zote pamoja na mara nyingi huzigeuza kuwa vipimo 48,000 kwa sekunde kabla ya kuzipeleka kwenye kigeuzi. Programu maalumu, kwa mfano USB Audio Player Pro, hukwepa hatua hiyo, na Android 14 ya mwaka 2023 iliruhusu rasmi programu kupeleka faili kwenye kigeuzi cha USB bila kuigusa. Tofauti yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya faili nzuri na mbaya.

Sabufa, mikisa na muungurumo

Matumizi mengi ya simu kama chanzo cha muziki si ya hedifoni. Simu huunganishwa na sabufa nyumbani, na mikisa ukumbini, kanisani au kwenye sherehe, kwa waya wenye pini nyekundu na nyeupe upande mmoja. Kigeuzi cha nje husaidia hapa pale simu inapokosa tundu, au tundu lake linapokuwa limelegea na kukwaruza. Kwa kawaida kiwango cha sauti cha simu hupandishwa karibu na mwisho, kisha kiasi hupunguzwa kwenye sabufa au mikisa. Ukifanya kinyume chake, amplifaya hukuza pia mshindo wa chini wa vifaa.

Sabufa inayosoma fleshi, au inayopokea Bluetooth, hutumia chipu yake yenyewe. Kigeuzi kilichochomekwa kwenye simu hakihusiki kabisa na sauti hiyo.

Tatizo linalolalamikiwa zaidi ni muungurumo unaoanza mara simu inapowekwa kwenye chaji ikiwa imeunganishwa na sabufa. Umeme wa Tanzania ni wa Hz 50, na mabaki yake pamoja na kelele za saketi ya chaja hupita kwenye waya wa ardhi wa simu hadi kwenye amplifaya. Kubadili kigeuzi mara nyingi hakusaidii, kwa sababu nacho hupata umeme na ardhi kutoka simu ileile. Dawa ni kuchomoa chaja, kutumia pawabenki ambayo haijachomekwa ukutani, au kuweka kati ya simu na sabufa kifaa chenye transfoma ndogo inayotenganisha saketi hizo mbili.

Chaji na usalama wa masikio

Kigeuzi hula umeme wa simu na huchukua tundu lake la pekee. Adapta zenye matundu mawili, moja la hedifoni na moja la chaji, zipo, ingawa nyingine hushindwa kufanya kazi zote mbili kwa pamoja. Nazo hufaa kujaribiwa dukani. Kifaa chenye nguvu kubwa kinaweza kukataliwa na iPhone kwa ujumbe kwamba kinahitaji umeme mwingi.

Nguvu ya ziada ina hatari yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80, na saa 4 tu kwa wiki kwa desibeli 90. Ndani ya daladala au kandokando ya Mtaa wa Msimbazi, msikilizaji hupandisha sauti ili ishinde honi na wapiga debe, na hufika viwango hivyo bila kujua. Hapo hedifoni zinazoziba masikio vizuri humsaidia kuliko kigeuzi chochote, maana kelele ya nje ikipungua hana sababu ya kuongeza sauti.