Kibarua na Fomu ya Chama: Uamuzi wa Mfanyakazi Mpya katika Hoteli za Diani

Neno 'kibarua' lina historia inayostahili kuzingatiwa na kila msomi wa Kiswahili. Ni udogo wa 'barua', na watunzi wa kamusi za awali walieleza kuwa mtu wa kazi ya kutwa aliitwa hivyo kwa sababu ya kijikaratasi alichopewa kuthibitisha siku aliyofanya kazi. Karatasi ikawa jina la mwenye kuishika. Katika hoteli za pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Tiwi na Diani hadi Msambweni, hali hiyo haijatoweka. Mfanyakazi mpya angali anatambulishwa na karatasi anazotia saini, na mojawapo ni fomu ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Makala haya yanakusudia kufafanua yaliyomo katika uamuzi huo, kwani aghalabu hufanywa kwa haraka, kwa lugha ngeni, na kwa hofu.

Hofu hiyo ina msingi. Kazi ya hoteli hufuata pepo. Wakati wa kaskazi, hasa Desemba hadi Machi, wageni huwa wengi na mikono huhitajika. Masika yaingiapo, vyumba husalia vitupu na baadhi ya hoteli hufunga milango kwa muda. Mhudumu wa mezani aliyeajiriwa Novemba kwa mkataba wa miezi michache anafahamu fika kuwa kuitwa tena kunategemea hisani ya msimamizi. Akinong'onezwa kuwa watu wa chama ni wasumbufu, hahitaji kutishwa zaidi. Fauka ya hayo, utalii wa eneo hili umewahi kuporomoka ghafla: baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, wakati wa maonyo ya usafiri ya mwaka 2014, na wakati wa janga la korona mwaka 2020. Kijana wa Ukunda ambaye mzazi wake alirudishwa nyumbani katika mojawapo ya misimu hiyo hawezi kutulizwa kwa methali ya umoja na nguvu pekee.

Sheria inasemaje? Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake, ilhali ibara ya 36 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Kwa mujibu wa kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, uanachama si sababu halali ya kumfuta mtu kazi. Ulinzi huu ni mzuri, lakini una mwanya. Mwenye mkataba wa msimu hafutwi. Mkataba wake humalizika tu, na ni vigumu kuthibitisha kwa nini hakuitwa tena. Mwanya huo ndio unaomfanya mfanyakazi wa msimu asite kuliko yule wa kudumu.

Suala la pili ni mshahara, na hapa ndipo penye dhana potofu iliyoenea zaidi. Wengi hudhani wanachagua kati ya kukatwa ada na kutokatwa. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mwajiri akishapokea fomu iliyotiwa saini, sharti aanze kukata ada katika muda wa siku 30. Mwanachama naye anaweza kujitoa kwa kuandika. Hata hivyo, pale ambapo chama kimefikia makubaliano ya pamoja na mwajiri yakasajiliwa mahakamani, waziri anaweza kuagiza kuwa wasio wanachama wanaofaidi makubaliano hayo wakatwe ada ya uwakala. Kwa hiyo asiyejiunga huenda akalipa, na nyongeza ya mshahara ataipata kama wenzake, ila hatapiga kura ya kuwachagua viongozi wanaomsemea. Mahali kama hapo, swali si la fedha tena. Ni swali la sauti.

Mambo ni tofauti pale ambapo chama hakijatambuliwa. Sheria humtaka mwajiri akitambue chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahiki kuwakilishwa nacho. Katika hoteli yenye wafanyakazi 60 wa aina hiyo, wanachama 30 hawatoshi. Wa 31 hubadilisha kila kitu. Mgeni kazini anayesema atangoje aone wengine watafanyaje huenda yeye ndiye anayengojwa.

Lugha nayo ina lawama yake. Neno 'chama' limebebeshwa mengi nchini Kenya. Ni chama cha siasa, na ni chama cha kuchangiana ambamo kila mmoja hupokea fungu zamu yake ifikapo. Aliyezoea chama cha aina hii ya pili hutarajia ada yake irudi mkononi, na isiporudi hujiona ameibiwa. Ada ya chama cha wafanyakazi hugharimia majadiliano, mashauri na mawakili. Faida yake huonekana kwenye mkataba, au siku ya matatizo. Ni kweli pia kwamba kuna matawi ambayo viongozi wake huonekana msimu wa uchaguzi tu. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza mwakilishi wa chama hapo kazini ni nani, alichaguliwa lini, na ni shauri gani amewahi kulisimamia.

Chama kikuu cha sekta hii ni KUDHEIHA, kinachowaunganisha wafanyakazi wa hoteli, wa nyumbani, wa taasisi za elimu na wa hospitali. Mchanganyiko huu si wa ajabu kwa wanaoijua historia ya pwani. Katika mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, watumishi wa nyumbani waliacha kazi pamoja na wapagazi wa bandari na watu wa reli. Miezi michache baadaye, kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa na serikali ya kikoloni na kupelekwa uhamishoni.

Tukirejea kwa kibarua wa leo, Sheria ya Ajira inampa silaha mbili asizozijua. Kifungu cha 37 kinaeleza kuwa anayefanya kazi ya kutwa mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja kwa jumla huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama anaitwa kibarua. Kifungu cha 9 nacho kinamtaka mwajiri ahakikishe kuwa asiyeelewa lugha ya mkataba anafafanuliwa kwa lugha anayoielewa. Na kwa kuwa masharti ya makubaliano ya pamoja yaliyosajiliwa huwa sehemu ya mkataba wa kila anayehusika, ufafanuzi usioyagusa haujakamilika. Mikataba mingi ya Diani huandikwa kwa Kiingereza. Mwenye kuzungumza Kidigo na Kiswahili anaweza, kabla ya kushika kalamu, kudai asomewe ukurasa baada ya ukurasa.