Taa ya matatu iliyopotelea puani mwa mtoto

Na DAKTARI WETU

Mama mmoja alifika katika kliniki yangu hapa Nairobi akiwa amembeba mwanawe wa miaka miwili na nusu. Kwa muda wa wiki tatu mtoto huyo alikuwa akitokwa na kamasi nzito ya rangi ya kijani, na sasa pua ilinuka kiasi kwamba nduguye alikataa kulala naye kitanda kimoja.

"Daktari, hii ni mara ya tatu ninakuja," aliniambia. "Zile dawa zote amemaliza."

Alisema kweli. Mara ya kwanza nilimpa dawa ya mafua. Mara ya pili nikamwandikia viuavijasumu vya wiki moja. Harufu ilipungua kwa siku chache, kisha ikarudi. Nilikuwa nimeuliza kuhusu homa, kikohozi, hamu ya chakula na usingizi. Swali moja tu sikuliuliza: je, kamasi inatoka tundu moja la pua au yote mawili?

Ilikuwa ikitoka tundu la kulia peke yake. Mafua hayachagui upande. Mtoto mdogo anapotokwa na kamasi yenye uvundo kutoka tundu moja, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba kuna kitu kimeingia humo, na mtu aliyesomea udaktari hana udhuru wa kulisahau.

Mama alimfunga mtoto kwa leso, mikono ndani, akamkumbatia. Nilimulika tochi, nikaona kitu chekundu kikimetameta nyuma ya usaha. Nilikivuta kwa kulabu ndogo. Damu ilitoka kidogo, mtoto akapiga kelele, na mezani kukaanguka kiduara cha plastiki kisichozidi punje ya hindi.

Mama alikitazama, akakigeuza. "Hii ni taa ya matatu ya ndugu yake!"

Huenda msomaji akauliza kwa nini sikumpeleka kupigwa picha ya eksirei mapema. Isingesaidia. Plastiki ya aina hii haionekani katika eksirei, na mzazi akiambiwa picha ni safi asidhani kwamba pua nayo ni safi.

Nduguye ni kijana wa miaka 14. Mama alinieleza kwamba kazi yake kila jioni ni kujenga magari kwa vitofali vya plastiki ambavyo yeye mama humnunulia Gikomba, vya mitumba, vikiwa vimechanganywa mfukoni. Siku hiyo aliapa kuvitupa vyote kwenye shimo la taka. Nilimwomba angoje hadi Jumamosi, aje na kijana na matatu yake pia.

Nilikuwa na sababu zangu. Mimi nilikua nikitengeneza vigari vya waya na vifuniko vya soda, na hadi leo naweza kumkumbuka mjomba aliyekanyaga lori langu.

Jumamosi walikuja wote watatu. Kijana hakusema neno mpaka alipoliweka basi lake mezani. Lilikuwa la njia ya 58, lile la Buruburu, lenye urefu wa mkono kutoka kiwikoni. Ndani mlikuwa na dereva na abiria tisa, na mlangoni makanga aking'ang'ania. Makanga huyo alikuwa na kiwiliwili cha polisi, kichwa cha mwanaanga na kofia iliyopakwa rangi ya kucha ya mama. Hakuna kiwanda kinachouza basi kama hilo. Alilibuni kichwani, akalijenga, akalibomoa mara nne kwa sababu paa lilikuwa likibonyea.

Wapo watu wazima ulimwenguni wanaofanya hivyo hivyo na kutumia fedha nyingi. Vitofali vyenye sifa zaidi ni vya Lego, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1932 na seremala wa Denmark, Ole Kirk Kristiansen, katika mji mdogo wa Billund. Jina hilo limetokana na maneno ya Kidenmarki yenye maana ya "cheza vizuri". Kitofali cha namna tunayoijua leo, chenye vinundu juu na mirija ndani ya kukishikilia kingine, kiliombewa hataza mwaka 1958. Vitofali sita tu vyenye vinundu vinane kila kimoja, vikiwa vya rangi moja, vyaweza kuunganishwa kwa njia zaidi ya milioni 915. Vijitu vyenye mikono na miguu inayosogea vilikuja mwaka 1978, kimo chao sentimita 4 hivi, vyote vikiwa na uso wa manjano na tabasamu lile lile. Kichwa, nywele, kiwiliwili, miguu na viganja hutoka, na hapo ndipo penye raha ya mkusanyaji: huchukua kichwa cha huyu na miguu ya yule, akapaka rangi, akapata mtu ambaye hayupo dukani.

Hapo hapo ndipo penye hatari pia. Kijitu kimoja kinapovunjwa kinakuwa vipande vitano au sita, na kila kimoja kinaingia kinywani mwa mtoto anayetambaa.

Hata hivyo nilimwambia mama asivitupe. Kijana asiyezungumza alikuwa amekaa mbele yangu akinieleza kwa nusu saa jinsi uzito wa paa unavyogawanywa. Mwanasaikolojia Daniel LeGoff, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliwahi kuona watoto wawili wenye usonji wakivutana kwa furaha katika chumba cha kungojea kwa sababu kila mmoja alikuja na vitofali vyake. Mwaka 2004 alichapisha utafiti juu ya njia ya kuwafundisha watoto kama hao kuhusiana na wenzao. Mmoja huwa mhandisi anayesoma mchoro, wa pili hutafuta vipande, wa tatu hujenga, kisha wanabadilishana. Hawawezi kumaliza kazi bila kuongea. Watoto wake walianza kuwaendea wenzao bila kusukumwa. Utafiti mkubwa zaidi uliofanywa baadaye katika shule za Uingereza ulipata manufaa madogo, kwa hivyo nisimdanganye mzazi kwamba hii ni tiba. Lakini si upuuzi.

Betri ya nne

Tulikuwa tukielekea kuagana kwa vicheko kijana aliponiambia kwamba basi linalofuata litakuwa na taa zinazowaka kikweli. Alikuwa amekwisha kununua vitaa na betri huko Luthuli Avenue. Nikamwuliza betri za aina gani. Akatoa mfukoni moja ya zile bapa, nyembamba, zinazong'aa, zinazokaribia ukubwa wa sarafu.

"Ulinunua ngapi?"

"Nne."

"Ziko wapi?"

Akatoa mbili zaidi. Ya nne hakujua iliko. Mdogo wake alikuwa sakafuni akilamba mguu wa kiti changu.

Wakati huo niliacha kutabasamu. Kipande cha plastiki kikimezwa, aghalabu hakina madhara. Mwaka 2018 wahudumu sita wa afya ya watoto walimeza kila mmoja kichwa cha kijitu cha Lego, kisha wakachunguza choo chao wenyewe na kuchapisha matokeo katika jarida la kitabibu. Vichwa vilitoka kwa wastani wa siku 1.71, bila taabu yoyote. Mmoja wao hakukiona chake kamwe. Walikuwa watu wazima, na mzazi asijaribu mchezo huo, lakini ukweli ndio huo: kilichopita umio na kufika tumboni kwa kawaida hutoka.

Betri ni jambo jingine kabisa. Ikikwama katika umio, unyevu wa mwili huunganisha pande zake mbili, na mkondo wa umeme huzalisha kemikali kali kama magadi ya kuzibulia mabomba. Nyama ya umio huanza kuungua, na katika muda wa saa mbili jeraha laweza kuwa baya sana. Wapo watoto waliotoboka umio hadi kwenye mshipa mkuu wa damu wakafa siku nyingi baada ya betri kutolewa. Betri iliyoshindwa kuwasha taa bado ina nguvu ya kutosha kuunguza. Ikiingia puani hutoboa ukuta wa katikati, na sikioni hali ni hiyo hiyo. Mtoto huenda akatokwa na udenda, akakataa chakula, akakohoa au akatapika damu. Huenda pia asionyeshe dalili yoyote.

Hatukungoja dalili. Niliwapeleka moja kwa moja kupigwa eksirei ya kuanzia shingo hadi tumbo, kwa maana chuma huonekana vizuri. Betri hutofautiana na sarafu kwa kuwa na mduara wa pili ndani ya ukingo wake, na daktari yeyote anayeona "shilingi" katika picha ya mtoto hana budi kuutafuta mduara huo kabla ya kusema ngoja itoke.

Picha haikuonyesha kitu. Jioni mama alinipigia simu. Betri ya nne ilikuwa katika rimoti ya gari ya baba watoto, ambaye aliiokota mezani asubuhi akaona imemfaa.

Iwapo wewe unashuku mwanao amemeza betri, nenda mara moja katika hospitali yenye eksirei. Usimtapishe. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na anayeweza kumeza, wataalamu wa sumu hushauri apewe njiani vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, mradi muda wa saa 12 haujapita tangu ameze. Asali huipaka betri na kupunguza kuungua. Haiitoi, na kuitafuta dukani kusikucheleweshe. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Kitu kikiingia koo la hewa, hakuna wakati wa kwenda popote. Mtoto anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kupumua, mwinamishe kichwa chini umpige kwa kiganja kati ya mabega mara tano. Kisha, kama amepita mwaka mmoja, simama nyuma yake ukandamize tumbo juu ya kitovu kwa ngumi, kuelekea ndani na juu, mara tano. Mtoto mchanga hakandamizwi tumbo. Mlaze chali ukandamize katikati ya kifua mara tano. Rudia mpaka kitoke. Usichokore koo kwa kidole usipokiona kitu, maana utakisukuma ndani. Akizimia, anza kumfufua kwa kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi, na watu waite gari. Na mtoto aliyekohoa ghafla akicheza, akatulia, kisha baada ya siku kadhaa akapata "nimonia" isiyosikia dawa, mwambie daktari habari ya mchezo huo.

Kipande cha plastiki kilicho puani mzazi aweza kukijaribu mara moja kwa busu. Ziba tundu lililo wazi kwa kidole, weka mdomo wako juu ya mdomo wa mtoto, upulize pumzi fupi ya ghafla. Njia hii hufaulu kwa watoto wapatao 6 kati ya 10. Isipofaulu, mlete kwetu; pini ya nywele na kibano cha nyusi viache nyumbani.

Kijana na mama yake walikubaliana mambo yafuatayo, nami nilikuwa shahidi. Atajenga mezani, si sakafuni, juu ya sinia yenye ukingo, mdogo wake akiwa amelala. Vijitu na vipande vidogo vitakaa katika mkebe wenye kifuniko cha kukaza, juu ya kabati. Kipimo chao ni kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni inapoisha: kinachopita humo hakifai karibu na mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ndiyo sababu ya ile alama ya duara jekundu yenye uso wa mtoto uliokatwa mstari katika pakiti za dukani, alama ambayo mfuko wa Gikomba hauna. Betri zitawekwa katika kisanduku kinachofungwa kwa skrubu, au hakuna taa.

Niliongeza langu kuhusu rangi. Thina na sprei hutumiwa nje au dirisha likiwa wazi, wala si chini ya blanketi kwa kuogopa kelele za mama. Msasa utumiwe plastiki ikiwa imeloweshwa maji ili vumbi lisipae. Vya mitumba vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukivichemsha vitapinda. Mwaka 2018 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alipima vitu 200 hivi vya plastiki vya kuchezea vilivyokwisha kutumika, akakuta madini yenye sumu kama risasi na kadimiamu katika vingi, hasa vya manjano, vyekundu na vyeusi. Kijana wa miaka 14 akivishika haidhuru kitu. Anayevinyonya ndiye wa kuhofiwa.

Ile taa nyekundu niliiosha kwa dawa na kumrudishia mwenyewe. Hakuitaka. Alisema basi lake litatembea na taa moja ya nyuma, kama mengine mengi ya mjini. Ningali nayo katika kichupa juu ya meza yangu, na mzazi yeyote anayeniletea mtoto wa mafua huulizwa kwanza habari ya matundu mawili ya pua.