Chumba Kinachakaa Kila Usiku

Mwenye lojing'i katika soko kama Mbumbuni, huku Mbooni, akishika pesa za Desemba, watu wakiwa wamerudi kutoka Nairobi na Mombasa, wazo la kwanza huwa ni kuongeza vyumba. Nionavyo, mara nyingi pesa hizo zingefaa kwanza vyumba vilivyopo. Kila mgeni anayelala hukichakaza chumba kidogo, na uchakavu huo ni gharama hata siku ambayo hakuna kilichonunuliwa.

Hoteli kubwa zinazoendeshwa kwa mikataba zimezoea kutenga takriban 4% ya mauzo kwa ajili ya kubadilisha samani na vifaa. Je, kiwango hicho kinatosha huku? Tupige hesabu ya mfano. Vyumba ni 12, kila kimoja shilingi 1,000 kwa usiku, na nusu yake vina wageni mwaka mzima. Mauzo yatakuwa shilingi 2,190,000, na 4% yake ni 87,600. Magodoro ya shilingi 8,000 yakidumu miaka mitano, yanakula 19,200 kwa mwaka. Hita za bafu za shilingi 4,000 zikidumu miaka miwili, 24,000. Rangi ya shilingi 6,000 kwa chumba kila miaka mitatu, 24,000 nyingine. Zimebaki 20,400 za paa, nyaya, pampu, vitasa na vyoo. Hazitoshi! Mimi ningetenga 7%, zitoke kabla faida haijahesabiwa, ziingie akaunti isiyoguswa kwa karo wala kwa matanga.

Hita nimezipa miaka miwili tu kwa sababu ya maji. Visima virefu vingi vya Ukambani hutoa maji ya chumvi. Maji hayo hujenga magamba kwenye chuma kinachopasha moto, joto linakosa pa kutokea, hita inaungua. Fundi ataleta nyingine, nayo itakwenda njia hiyo hiyo. Kinachofaa kununuliwa hapa ni mifereji ya paa na matangi, ili bafu zipate maji ya mvua na kisima kibaki cha vyoo na kudeki. Matangi mawili ya lita 10,000 yakijaa, wageni sita wanaooga kwa lita 40 kila mmoja wana maji ya siku 83. Bei yake inauma, ila inalipwa mara moja kwa miaka mingi. Na kwa kuwa mvua ya kutegemewa zaidi Ukambani ni ya vuli, kazi hiyo iwe imekwisha Septemba.

Anayeamua kujenga hata hivyo asisahau kodi. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa 3% ya mauzo yote, bila kuondoa gharama yoyote, hata ya jengo jipya. Katika kodi ya kawaida ya mapato, mwenye jengo la hoteli lenye leseni huruhusiwa kuondoa nusu ya gharama ya ujenzi mwaka wa kwanza wa matumizi, na iliyosalia kwa robo kila mwaka. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba anachagua kodi ya kawaida. Si kila mtu itamfaa, kwa hiyo amwone mhasibu kabla ya kuchimba msingi, na risiti za saruji, nondo na fundi ziwekwe tangu siku ya kwanza.